Upigaji picha wa macho kwa roboti

Upigaji picha wa macho kwa roboti ni njia ya kupata picha za kitabibu za jicho ambamo mkono wa roboti ndio unaosogeza kamera mbele ya jicho, kuilenga, na kuendelea kulifuata jicho mgonjwa anapotikisika. Katika mashine za kawaida kazi hiyo hufanywa na mtaalamu aliyefunzwa, huku mgonjwa akiwa amebanwa kidevu na paji la uso asisogee.

Shabaha ya njia hii si kupata picha bora kuliko zilizopo. Mashine za hospitali kubwa tayari hupiga picha nzuri sana. Kinachotafutwa ni kuzifikisha picha hizo mahali pasipo na mtaalamu wa macho, na kwa watu wasioweza kukaa sawasawa mbele ya mashine: aliye kwenye kiti cha magurudumu, aliyepooza, mtoto mdogo, au mgonjwa aliyelala katika idara ya dharura.

Mfano unaojulikana zaidi ulitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Duke mjini Durham, jimbo la North Carolina, Marekani. Mnamo mwaka 2021 Mark Draelos, Anthony Kuo, Joseph Izatt na wenzao walieleza katika jarida la Nature Biomedical Engineering mashine iliyofungwa kwenye mkono wa roboti, ambayo ilipiga picha za macho ya watu waliosimama huru, bila kuwagusa na bila mtu kuiendesha wakati wa kupiga picha.

Umuhimu wa picha za jicho

Jicho ni mahali pa pekee mwilini ambapo daktari anaweza kuiona mishipa ya damu na neva moja kwa moja bila kupasua. Mwanga ukiingia kupitia mboni hufika kwenye retina, yaani utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, wenye unene wa takriban robo ya milimita. Hapo huonekana neva inayoelekea kwenye ubongo, mishipa midogo ya damu, na makula, ile sehemu ya katikati ya retina inayotumika kusoma na kutambua nyuso.

Magonjwa kadhaa yanayopofusha huanzia hapo bila kuuma. Kisukari hudhoofisha mishipa ya retina hadi ikavuja majimaji au damu. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huua nyuzi za neva kidogokidogo kuanzia pembeni mwa uwezo wa kuona, na mgonjwa hujitambua akiwa amechelewa. Kilichopotea kwa glakoma hakirudi. Dawa au upasuaji huzuia tu kisiendelee kupotea. Kwa sababu hiyo tofauti kati ya mtu aliyepigwa picha mapema na ambaye hakupigwa inaweza kuwa tofauti kati ya kuona na kutoona.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Upungufu wa wataalamu ni sehemu ya sababu. Katika nchi zenye kipato cha chini madaktari bingwa wa macho ni wastani wa chini ya 4 kwa kila watu milioni, wakati katika nchi tajiri ni zaidi ya 70.

Kutoka oftalmoskopu hadi OCT

Historia ya kutazama ndani ya jicho la mtu aliye hai huanza na Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani, aliyeutangaza uvumbuzi wa oftalmoskopu mwaka 1851. Kifaa hicho kidogo cha mkononi humwezesha daktari kuiangaza retina na kuitazama kwa wakati mmoja. Bado kinatumika, lakini kinahitaji mazoezi mengi, na kile alichokiona daktari hubaki machoni mwake tu asipokuwa na kamera.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1991, wakati David Huang, Eric Swanson, James Fujimoto na wenzao, wengi wao wakiwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, walipochapisha katika jarida la Science njia mpya inayojulikana kwa kifupi kama OCT. Mwaka 1993 picha za OCT za retina ya watu hai zilitolewa Marekani na pia Austria, ambako Adolf Fercher alikuwa akifanya kazi ya namna hiyohiyo mjini Vienna. Mwaka 1994 Izatt, ambaye wakati huo alikuwa katika kundi la Fujimoto, alionyesha kwamba OCT inaweza pia kupiga picha sehemu ya mbele ya jicho, yaani konea na vilivyo karibu nayo. Mashine ya kwanza ya kuuzwa ilifika sokoni mwaka 1996. Huang, Swanson na Fujimoto walipewa Tuzo ya Lasker mwaka 2023.

OCT hufanana na altrasaundi, ila hutumia mwanga badala ya sauti. Mashine ya altrasaundi hutuma mlio ndani ya mwili, husubiri mwangwi, na kwa muda uliopita hujua mwangwi umetoka kina gani. Mwanga huenda kasi mno kwa hesabu hiyo: huvuka mikromita 10 katika muda mfupi kuliko sehemu moja ya trilioni ya sekunde, na hakuna saa ya kielektroniki inayoweza kuupima mwangwi wake moja kwa moja. Badala yake OCT huugawa mwanga mara mbili. Nusu moja huenda kwenye jicho, nyingine kwenye kioo kilicho umbali unaojulikana. Zinaporudi na kukutana, mawimbi yake huingiliana, na mwingiliano huo ndio unaoeleza ni mwanga kiasi gani umerudi kutoka kila kina.

Matokeo yake ni picha ya mkato, kana kwamba retina imekatwa kwa kisu na kutazamwa ubavuni. Matabaka yake huonekana moja juu ya lingine, kwa uwezo wa kutofautisha vitu vilivyoachana kwa mikromita chache. Daktari anaweza kupima unene wa tabaka la nyuzi za neva kwa mgonjwa wa glakoma, au kuona majimaji yaliyojikusanya chini ya makula kwa mgonjwa wa kisukari, hata pale ambapo picha ya kawaida ya rangi haionyeshi kitu. Mwanga unaotumika ni wa infraredi, ambao jicho haliuoni au huuona hafifu tu, kwa hiyo mara nyingi hakuna haja ya matone ya kupanua mboni.

Tatizo la meza na kidevu

Kwa miaka 30 iliyofuata mashine za OCT zilizidi kuwa na kasi na ubora. Namna ya kumweka mgonjwa mbele yake haikubadilika sana. Mashine hukaa juu ya meza. Mgonjwa huketi, huinama mbele, huweka kidevu kwenye kiegemeo na paji la uso kwenye utepe. Mtaalamu huketi upande wa pili, hupandisha na kushusha meza, husogeza mashine kwa mkono au kwa vitufe mpaka mboni iwe katikati ya kioo cha kompyuta, humwambia mgonjwa atazame nukta ya mwanga, kisha hubonyeza. Mgonjwa akipepesa au akisogea, kazi hurudiwa.

Kiegemeo kile kina kazi kubwa kuliko kinavyoonekana, kwani ndicho kinachofanya kichwa kisiende huku na huku. Mtaalamu naye, ukiacha kubonyeza, anafanya jambo moja la ustadi: anaoanisha mashine na jicho. Vikikosekana viwili hivi, mashine ghali haina faida. Hospitali ya mkoa inaweza kuletewa mashine nzuri ikakaa imefunikwa kitambaa kwa sababu aliyefunzwa kuitumia amehamishwa.

Kuna pia wagonjwa ambao mpango huu unawaacha nje hata pale mtaalamu alipo. Mzee mwenye mgongo uliopinda haifikii mashine. Mtu aliyevunjika shingo haruhusiwi kuinama. Aliyelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi hawezi kuketi kabisa. Kwa watoto wachanga zimetengenezwa OCT za kushika mkononi, na Cynthia Toth wa Duke ni miongoni mwa walioziendeleza. Lakini mkono wa mtu nao hutetemeka, na anayeushika lazima awe fundi kwelikweli.

Idara ya dharura ni mfano mzuri wa kinachopotea. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta walitoa matokeo ya wagonjwa 350 waliofika idara ya dharura wakiwa na maumivu ya kichwa, matatizo ya kuona, shinikizo la damu la juu sana au dalili za ubongo, yaani hali ambazo nyuma ya jicho inapaswa kutazamwa. Walipopigwa picha, wagonjwa 44, sawa na asilimia 13, walikutwa na jambo la maana kwa matibabu yao. Madaktari wa dharura walikuwa wamewatazama kwa oftalmoskopu wagonjwa 48 tu. Si kwamba madaktari hao walikuwa wazembe. Kifaa ni kigumu kutumia, wagonjwa ni wengi, na daktari wa macho hayupo chumbani.

Jinsi roboti inavyolenga jicho

Kulenga jicho ni kugumu kwa sababu ya umbo la jicho lenyewe. Jicho la mtu mzima lina urefu wa takriban milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma, na mlango wake, mboni, una upana wa kati ya milimita 2 na 8 kutegemea mwanga uliopo. Kuiona retina kupitia mboni ni kama kuchungulia chumba kupitia tundu la ufunguo. Anayechungulia akisogea kidogo tu pembeni haoni chochote. Akitaka kuona kona nyingine ya chumba inambidi abadilishe mwelekeo wa kutazama huku mstari wa macho yake ukiendelea kupita katika tundu lilelile. Mwale wa OCT hufanya hivyohivyo: hupinda huku na huku ili kuifagia retina, lakini mhimili wa kupinda kwake lazima ubaki kwenye mboni. Ukitoka nje ya hapo, kingo za mboni huukata na picha hufanyika giza upande mmoja.

Umbali nao lazima uwe sahihi. OCT hupima kina cha milimita chache tu, hivyo kichwa kikienda mbele au nyuma kidogo retina inaweza kutoka kabisa kwenye picha. Kisha kuna mwelekeo: mtu anaweza kuwa mahali panapofaa lakini anatazama kando.

Na hakuna kinachotulia. Mtu aliyesimama huyumba polepole bila kujua, hata akijikaza. Anapumua, na kichwa hupanda na kushuka. Jicho lenyewe, hata likikodolea nukta moja, hutetemeka, huelea, na kuruka mirukuo midogo mara moja hivi au mbili kwa sekunde. Ili kupata picha ya ujazo wa retina, mashine inapaswa kukusanya mistari mingi ya vipimo. Kwa mfano, picha yenye mikato 300, kila mkato ukiwa na mistari 500, ni mistari 150,000. Mashine inayopima mistari 100,000 kwa sekunde itahitaji sekunde moja na nusu. Katika sekunde hiyo na nusu mtu aliyesimama huru amekwisha sogea vya kutosha kuiharibu picha.

Suluhisho la kikundi cha Duke lilikuwa kuigawa kazi kwa hatua mbili, moja pana na nyingine finyu.

Hatua pana ni ya mkono wa roboti. Kamera zenye uwezo wa kupima umbali huutazama uso mzima wa mtu. Programu huzitambua alama za uso, hukadiria macho yako wapi katika nafasi ya pande tatu, na mkono huipeleka mashine mbele ya jicho linalotakiwa. Mtu akisogea hatua kidogo, mkono humfuata. Kwa hatua hii mtu hahitaji kupanda kiti wala kuinama. Mashine ndiyo inayomfuata alipo, awe mrefu, mfupi au ameketi kwenye kiti cha magurudumu.

Lakini mkono wa roboti ni mzito. Hauwezi kugeuka mara nyingi kwa sekunde kufuata jicho linalorukaruka, na kuulazimisha ufanye hivyo karibu na uso wa mtu si jambo la busara. Hapo huingia hatua finyu. Ndani ya kichwa cha mashine zimo kamera nyingine zinazoitazama mboni yenyewe kwa karibu na kwa usahihi mkubwa. Habari zake hupelekwa kwenye vioo vidogo vyepesi vinavyogeuka kwa kasi sana. Vioo hivyo huusogeza mwale wa mwanga ili uendelee kupita katikati ya mboni, ilhali mkono unajongea taratibu nyuma yake. Kwa maneno mengine, mkono hushughulika na mwendo wa mwili, vioo hushughulika na mwendo wa jicho.

Mgawanyo huu ndio moyo wa uvumbuzi wenyewe. Kila kipande kilikuwapo kabla: mikono ya roboti ipo viwandani kwa miongo kadhaa, kamera za kupima umbali zilikwisha kuenea katika michezo ya kompyuta na simu, na OCT ilikwisha timiza miaka 30. Kilichokosekana ni kuviunganisha ili kasoro ya kimoja ifunikwe na kingine.

Majaribio

Toleo la awali lilielezwa mwaka 2019 katika mkutano wa kimataifa wa roboti ICRA uliofanyika Montreal, Kanada. Hapo ilionyeshwa kwamba mashine inaweza kujipanga yenyewe mbele ya jicho lililotulia na hata linalosogea.

Katika kazi ya mwaka 2021 waliopigwa picha walisimama tu mbele ya mashine, bila kiegemeo cha kidevu. Zilipatikana picha za sehemu ya mbele ya jicho na za retina, na waandishi waliona kuwa ubora wake unakaribiana na ule wa mashine za mezani za hospitali: sehemu za jicho zinazohitajika kufuatilia magonjwa ya kawaida ya macho zilionekana wazi. Ilitokea kwamba taarifa hiyo ilitoka wakati wa janga la UVIKO-19, wakati kukaribiana uso kwa uso katika kliniki za macho kulikuwa tishio kwa mgonjwa na kwa mhudumu pia. Kupiga picha bila kugusana, jambo ambalo awali lilikuwa la urahisi tu, likawa na thamani nyingine.

Usalama

Kupeleka mkono wa chuma kwenye jicho la mtu ni wazo linaloshtua, na ni haki lishtue. Kuna mambo matatu yanayopunguza hatari. Kwanza, mikono inayotumika ni ya aina ya roboti shirikishi, iliyoundwa kufanya kazi bega kwa bega na watu. Nguvu yake ina kikomo na husimama ikihisi kugonga kitu. Miongozo ya kimataifa ya roboti za namna hiyo, ISO/TS 15066, ilitolewa mwaka 2016. Pili, lenzi hubaki umbali kutoka kwenye jicho, na programu huwekewa mipaka ya mahali ambapo mkono hauruhusiwi kufika. Tatu, mtu aliyesimama huru anaweza kurudi nyuma. Hii ya mwisho inaonekana ndogo, lakini aliyebanwa kwenye kiegemeo hana nafasi hiyo, na aliyelala kitandani hana pia. Kwa mgonjwa wa kitandani, basi, mipaka ya programu inapaswa kuwa mikali zaidi.

Mwanga wenyewe pia una kikomo. Nguvu inayoruhusiwa kuingia jichoni huwekwa na viwango vya usalama wa leza, na mashine za roboti zinalazimika kuvifuata kama mashine nyingine zote za OCT.

Upigaji picha haupaswi kuchanganywa na upasuaji wa macho kwa roboti, ambao ni jambo lingine kabisa. Upasuaji wa kwanza wa ndani ya jicho uliofanywa kwa msaada wa roboti ulifanyika Oxford, Uingereza, mwaka 2016, ukiongozwa na Robert MacLaren. Huko kifaa huingia ndani ya jicho na daktari ndiye anayekiongoza. Katika upigaji picha hakuna kinachoingia isipokuwa mwanga.

Nani asome picha

Roboti ikimaliza kazi yake, kilichopatikana ni picha tu. Zahanati isiyo na mtaalamu wa kupiga picha kwa kawaida haina pia mtaalamu wa kuzisoma. Njia ya kwanza ni kuzituma kwa intaneti kwa daktari aliye mbali. Njia ya pili ni akili unde.

Mwezi Aprili 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu IDx-DR, programu inayotoa yenyewe uamuzi kama mgonjwa wa kisukari ana madhara ya retina yanayohitaji kuonwa na daktari wa macho, bila daktari kuisoma picha kwanza. Programu hiyo hutumia picha za kawaida za rangi, si OCT, na bado ilihitaji mtu wa kushika kamera. Ni dhahiri, hata hivyo, jinsi mambo haya mawili yanavyohitajiana. Programu ya kusoma hukataa picha mbaya, na picha mbaya hutokana mara nyingi na kulenga kubaya. Roboti inayolenga vizuri bila fundi, ikiunganishwa na programu inayosoma bila bingwa, ingeweza kukaa katika kliniki ya kisukari au katika duka la miwani na kuwapeleka hospitali wale tu wanaohitaji kwenda.

Njia nyingine za kufikia lengo hilohilo

Roboti si njia pekee, na kwa mazingira mengi si njia rahisi kuliko zote. Nchini Kenya, daktari wa macho Andrew Bastawrous alikuwa akifanya utafiti katika eneo la Nakuru ambapo timu ilipaswa kubeba vifaa vizito vya macho hadi vijijini, mara nyingine mahali pasipo na umeme. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa Peek, inayotumia simu ya mkononi kupima uwezo wa kuona, pamoja na kiambatisho cha kupiga picha nyuma ya jicho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba picha za kichwa cha neva zilizopigwa kwa simu Nakuru, hata zilipopigwa na mtu asiye mganga, zilikaribia zile za kamera ya hospitali.

Hizi ni njia mbili zenye mawazo yanayotofautiana. Simu hukifanya kifaa kiwe rahisi na chepesi kiasi kwamba mtu yeyote aliyefunzwa kidogo anaweza kukitumia. Roboti hukiacha kifaa kiwe kigumu na ghali kama kilivyo, lakini humwondolea binadamu ugumu wa kukitumia. Simu hushinda kwa bei na kwa kufika mbali. OCT ya roboti hushinda kwa kina cha taarifa, kwa sababu simu haioni matabaka ya retina. Kwa uchunguzi wa awali kijijini ni vigumu kuona roboti ikiishinda simu. Kwa hospitali ya wilaya inayofuatilia mgonjwa wa glakoma mwaka hadi mwaka, mambo yanaweza kuwa kinyume.

Zipo pia OCT za nyumbani, ambapo mgonjwa hujipiga picha mwenyewe, hasa wazee wenye kuzorota kwa makula wanaosubiri kujua kama wanahitaji sindano nyingine. Hizi hudai mgonjwa awe na uwezo wa kujilenga, jambo ambalo ndilo roboti inalotaka kulifuta.

Mipaka

Kikwazo cha kwanza ni bei. Mashine ya OCT hugharimu makumi ya maelfu ya dola za Marekani, na mkono wa roboti huongeza gharama juu yake. Watetezi wa teknolojia hii husema kwamba mashine isiyohitaji fundi hufidia bei kwa kuokoa mshahara. Hoja hiyo ina nguvu Marekani, ambako mshahara wa fundi ni mkubwa. Afrika Mashariki, ambako mashine ndiyo ghali na si mshahara, hesabu haitoki hivyo. Huko faida ni nyingine: mafunzo huchukua muda, waliofunzwa huhama, na mashine isiyotegemea mtu mmoja huendelea kufanya kazi. Ila mashine yenye viungo vinavyosogea huhitaji mtengenezaji, na mtengenezaji wa roboti ni adimu kuliko mpiga picha.

Pili, OCT haioni kila kitu. Chanzo kikuu cha upofu katika Afrika Mashariki ni mtoto wa jicho, yaani kufifia kwa lenzi. Ugonjwa huo hutambuliwa kwa tochi na jicho la mhudumu makini, na dawa yake ni upasuaji. Lenzi iliyofifia huuzuia pia mwale wa OCT, hivyo mgonjwa wa namna hiyo akiwekwa mbele ya roboti hata ya ghali kiasi gani, retina yake haitaonekana vizuri. Wilaya yenye foleni ndefu ya watu wanaosubiri upasuaji wa mtoto wa jicho ingepata faida kubwa zaidi kwa kuajiri mpasuaji kuliko kununua roboti.

Tatu, picha haitibu. Mgonjwa wa kisukari anayeambiwa na mashine kwamba retina yake inavuja anahitaji leza au sindano ndani ya muda mfupi. Huduma hizo zinapokuwa katika hospitali chache za rufaa, kama ile ya KCMC mjini Moshi, nauli na siku za kupoteza kazi ndizo zinazoamua kama picha ilikuwa na maana.

Nne, mashine bado inamhitaji mgonjwa afanye jambo moja: atazame panapotakiwa. Roboti inaweza kumfuata anayeyumba, lakini jicho likigeukia pembeni, sehemu ya retina inayotafutwa hutoka mbele ya mwale, na programu inabidi ama isubiri ama izungushe kichwa cha mashine kulifuata. Kwa mtu mzima anayeelewa, nukta ya mwanga ndani ya lenzi inatosha. Kwa mtoto wa miaka miwili, na kwa mtu ambaye makula yake imekwisha haribika kiasi kwamba haioni nukta hiyo, haitoshi.